Porsche Ilipigwa Chenga na Safari Rally Mara Tatu, Kisha Gereji ya Baba na Mtoto Ikaleta Kontena Kilindini

Stori za rali zikianza maskani hapa Kuze, huwa hazikosi msee wa kusema rali ni ya watu wa Naivasha. Sawa, hatukatai. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, kelele zote ziko huko, vumbi lote ni la huko, na hata nyama choma ya rali imekuwa ya huko.

Lakini kuna rali nyingine, na hii imekuwa ikipita mlangoni kwetu. Inaitwa East African Safari Classic Rally. Ilianza 2003, miaka 50 baada ya ile Safari ya kwanza kabisa ya 1953, na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ni ya madinga ya zamani peke yake, yale ya kusukumwa na magurudumu mawili, na kwa miaka mingi kambi yake ilikuwa hoteli ya Whitesands kule Bamburi. Ndio maana ukiwa Mombasa mwisho wa mwaka ungeweza kukutana na Porsche 911 ya enzi za babu yako kwenye foleni ya Nyali, mataa makubwa mbele kama macho ya chura, matope ya Taita mpaka juu ya paa.

Watu walipiga picha wakaenda zao. Swali ambalo ni nadra kuulizwa: hizo gari ni za nani, na zilifikaje hapa?

Nyingi kati ya hizo Porsche hazikuletwa na kiwanda cha Porsche. Zililetwa na gereji ya familia iliyo kwenye kijiji kinachoitwa Wardington, karibu na mji wa Banbury, Uingereza. Gereji yenyewe inaitwa Tuthill. Na hii gereji imefanya kitu ambacho Porsche yenyewe, na pesa zake zote, haikuweza kufanya kwenye barabara za Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane hii biashara inavyoenda, maana ukikosa hapa utapotea kote mbele.

Tumezoea mpira. Klabu inamlipa mchezaji. Kwenye rali za aina hii, mambo yamegeuzwa juu chini: dereva ndiye analipa. Yaani ni kama wewe uende kwa Bandari FC, uwape mkwanja, wakupe jezi, viatu, kocha na daktari, kisha wakupange namba tisa Jumamosi. Ukifunga goli, sifa zako. Ukivunjika mguu, bili yako. Timu ya namna hii ndiyo inaitwa timu ya wateja. Haiishi kwa zawadi za ushindi wala kwa mshahara wa kiwanda. Inaishi kwa wateja wanaotaka kukimbia na hawana gereji, hawana mafundi, na hawana muda wa kuhangaika.

Mtu wa Old Town hii haifai kumshinda. Angalia majahazi yetu ya zamani. Mwenye chombo alitoa pesa, fundi akaunda, nahodha akashika usukani na kurudi na majigambo bandarini. Watu watatu, kazi tatu. Kwenye rali ya wateja, mwenye chombo na nahodha mara nyingi ni mtu mmoja, tajiri mwenye hamu. Fundi ndiye Tuthill. Na kama ilivyo kwa jahazi, jina la fundi ndilo la kwanza kusahaulika.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana utamu wa hii stori uko kwenye deni la zamani.

Porsche waliitaka Safari Rally vibaya sana. Mwaka wa 1972, Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili na 911, nyuma ya Hannu Mikkola na Ford Escort yake. Mwaka wa 1974 akaja Msweden Björn Waldegård na 911 nyingine. Wa pili tena! Aliyempiga alikuwa mtu wetu, Joginder Singh, ndani ya Mitsubishi Lancer 1600 GSR ambayo ukiiona leo utadhani ni gari la mwalimu mkuu mstaafu. Mwaka wa 1978 kiwanda kikajipanga kisawasawa, kikaleta 911 SC mbili zilizoinuliwa juu, zimepakwa rangi za Martini. Vic Preston Junior, Mkenya, akamaliza wa pili. Waldegård akawa wa nne. Ushindi ukaenda kwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504.

Mara tatu wa pili. Baada ya hapo Porsche wakaelekeza macho kwingine, wakashinda Paris-Dakar 1984 na 1986, na Safari ikabaki ile shindano ambalo hawakuwahi kulishinda. Waldegård yeye hakukaa na uchungu. Alishinda Safari mara nne akiwa na magari ya wengine: 1977 na Ford, kisha 1984, 1986 na 1990 na Toyota. Katikati ya hizo, mwaka wa 1979, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali. Lakini Safari na Porsche? Hapana.

Wakati huo huko Wardington kulikuwa na fundi anaitwa Francis Tuthill. Huyu si tajiri aliyenunua timu. Ni mtu wa spana, mpenzi wa Porsche 911 na rali ndefu, zile za siku nyingi ambapo gari linakufa kabla ya dereva kuchoka. Mwaka wa 1993 aliingia mwenyewe kwenye rali ya kutoka London mpaka Sydney, Australia, ndani ya 911, na akashinda. Hebu fikiria tangazo la biashara kama hilo. Hauhitaji bango. Tajiri yeyote mwenye 911 ya zamani na ndoto ya kuvuka bara alijua aende wapi.

Baadaye mtoto wake Richard akashika usukani wa biashara. Na Safari Classic ilipoanza kupata jina, Tuthill wakaiona kama vile mfanyabiashara wa Marikiti anavyoiona Ramadhani: msimu ndio huu.

Hebu tuingie kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hatujui kinachoendelea.

Mteja anakuja. Ana 911 yake, au anataka kujengewa, au anataka kukodi tu. Gari linavuliwa mpaka linabaki bati. Linashonwa upya kwenye viungo kwa sababu barabara za huku zinafungua gari kama mkebe. Ndani linawekewa vyuma vya kumkinga dereva likipinduka. Chini linawekewa ngao ya kuzuia mawe. Shokabzoba zinabadilishwa zote. Ukimuuliza fundi yeyote wa rali pesa nyingi zimelala wapi, atakuonyesha hapo kwenye shokabzoba kabla ya kukuonyesha injini. Gari la kasi lisiloweza kutua vizuri baada ya kuruka ni gari la kusukumwa.

Kisha linaingia kontena. Na sio gari peke yake, wasee. Kwenye rali ya zaidi ya wiki moja huwezi kutegemea kupata gia boksi ya 911 ya 1978 pale Voi. Unabeba injini za ziada, gia boksi, milango, vioo, matairi kwa mamia, jenereta, mahema, vikombe vya chai. Yote yanapanda meli, yanashuka Kilindini. Gari linaingia nchini kwa muda, kwa karatasi za kuonyesha kwamba litatoka tena, ndio lisilipiwe ushuru kama la kuuzwa. Halafu mafundi wanapanda ndege kulifuata.

Rali ikianza, mchana dereva anaua gari, usiku fundi analifufua. Huo ndio mzunguko. Mteja anafika saa kumi na moja jioni, anaoga, anakula samaki wa kupaka, analala. Nje kwenye maegesho taa za jenereta zinawaka, watu wako chini ya gari wanabadilisha ekseli wakiwa wamefungia tochi kichwani. Asubuhi mteja anaamka anakuta dinga linang'aa kama halijawahi kuona matope, anapanda, anaenda kulivunja tena. Siku inayofuata hivyo hivyo.

Mimi naona hapo ndipo rali inashindwa au kushindiwa, hata kama kamera ziko kwingine.

Na kwa nini 911 kila saa? Kwani hakuna magari mengine? Yapo, na Ford Escort na Datsun za zamani zina heshima zao. Lakini 911 ya zamani ina mambo mawili matamu kwa barabara zetu. La kwanza, injini yake inapozwa na hewa. Haina redieta ya maji mbele, kwa hivyo jiwe la Taru haliwezi kuitoboa ukabaki unachemka kando ya barabara ukingoja maji ya msamaria. La pili, injini imekaa nyuma kabisa, juu ya yale magurudumu yanayosukuma. Kwenye matope, uzito uko pale pale unapohitajika. Ubaya wake ni kwamba kichwa kinakuwa chepesi, na kona ikikosewa, mkia unakuja mbele kukusalimia. Ndio maana linataka dereva aliyekomaa.

Waliokomaa wakaja.

Novemba 2011, Björn Waldegård alipanda 911 ya Tuthill. Mwezi huo huo alikuwa ametimiza miaka 68. Msoma ramani wake alikuwa mwanawe, Mathias. Hii haikuwa mara yao ya kwanza kushinda Safari Classic, walishaichukua 2007 na Ford Escort. Lakini hii ya 2011 ilikuwa na uzito wake: yule yule dereva, aina ile ile ya gari, nchi ile ile iliyomnyima 1974. Siku tisa za vumbi baadaye, babu na kijana wake wakashinda.

Miaka 37, bana. Porsche ikashinda rali ya Safari kwenye barabara za Afrika Mashariki, lakini waliolijenga na kulilea gari hawakutoka kiwandani Stuttgart. Ni mafundi wa kijijini, bili ikilipwa na wateja.

Mtu mkali atasema Safari Classic si ile Safari ya ubingwa wa dunia, na hapo ana haki. Ushindi wa 2011 hauandikwi kwenye kitabu kimoja na wa Nicolas wa 1978. Lakini muulize huyo mtu mkali kama ameendesha kutoka Pwani mpaka bara na kurudi kwa gari lisilo na hata usukani wa nguvu.

Wala usidhani ilikuwa mteremko kila mwaka. Mwaka wa 2009 Mkenya Ian Duncan alishinda na Ford Mustang, na 2013 akarudi kuwafunza adabu tena, safari hii na Ford Capri yenye injini ya V8. Huyu ndiye Duncan aliyeshinda Safari Rally yenyewe mwaka wa 1994 na Toyota. Kontena nyingi hazikuwasaidia wageni.

Waldegård alifariki Agosti 2014. Mwaka uliofuata Tuthill wakamleta mzee mwingine wa Sweden, Stig Blomqvist, bingwa wa dunia wa 1984, akiwa na miaka 69 na Mbelgiji Stéphane Prévot kando yake. Wakashinda. Kwa hivyo kama babu yako anakuambia macho yake hayawezi tena kuendesha mpaka Mtwapa, mwambie kuna wenzake.

Toleo la 2021 lilisogezwa na corona likafanyika Februari 2022, na humo alikuwemo Ken Block. Ndio, yule yule wa video za kuzungusha gari barabarani ambazo sote tumezitazama kwa bando la mkopo. Alikuja na 911 iliyojengwa na Tuthill. Ilikuwa nafasi ya mwisho kumuona kwenye rali hii, maana Januari 2023 alifariki kwenye ajali ya pikipiki ya theluji huko Utah, Marekani.

Biashara ya Tuthill haikukaa kwenye Safari peke yake. Mteja wa mwisho wa mwaka Mombasa anauziwa pia mchezo wa Januari: wana shule ya kuendesha 911 juu ya barafu huko Åre, Sweden. Mwaka wa 2014 Richard Tuthill aliendesha mwenyewe 911 ya kisasa waliyoibadilisha kuwa gari la rali, kwenye raundi ya ubingwa wa dunia ya Ujerumani. Mwaka wa 2015 Mfaransa François Delecour akachukua nayo kombe jipya la dunia la magari ya aina ya R-GT. Kiwanda kilikuwa hakiuzi gari la rali kama hilo wakati huo. Gereji ikalijenga, kiwanda kikatazama.

Na mfumo huu wa kulipia ndio unaobeba sehemu kubwa ya rali dunia nzima, hata zile tunazozishangilia. M-Sport, wale wanaoendesha Ford kwenye ubingwa wa dunia, ni kampuni binafsi ya Malcolm Wilson, inakaa Cumbria, Uingereza, na inauza magari kwa wateja. Maxine Wahome alipoandika historia kwenye Safari Rally ya 2022 kwa kushinda daraja la WRC3, Murage Waigwa akimsomea ramani, alikuwa ndani ya Ford Fiesta Rally3, gari la wateja kutoka kwa watu hao hao. Sisi tulipeperusha bendera, na tulikuwa na haki kabisa. Ankara ya spea ilienda Ulaya.

Hapa ndipo huwa inaniuma. Kontena zinashuka kwetu. Mbio zimekuwa zikianzia kwetu na kumalizikia kwetu. Hoteli zinajaa, madereva wa tuktuk wanapata hesabu ya siku mapema, wauza madafu wanatabasamu. Halafu kontena zinafungwa, zinarudi, na ile kazi yenye pesa ya kudumu, ya kujenga na kutunza gari, inaondoka nazo. Kutoka Kuze mpaka gereji za Shimanzi kuna vijana wanaoweza kufungua injini ya Probox wakiwa wamefunga macho. Mwambie mmoja wao kuna kijiji Uingereza kinaishi kwa kutengeneza magari ya miaka ya 70 ili yaje kuharibiwa Taita, atakuambia wacha stori za jaba.

Usiniambie haiwezekani huku, kwa sababu ilishawezekana. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544. Unajua waliipata wapi? Ilikuwa mtumba. Volvo wenyewe walishaikimbiza Safari ya 1964, na hao ndugu wawili wakainunua ikiwa imechoka. Joginder alizaliwa Kericho, akakulia kwenye familia ya gereji, spana ilikuwa mkononi kabla ya usukani. Waliifungua, wakaijenga upya, wakazipiga timu za viwanda zote. Hakukuwa na kontena wala mafundi wa kupanda ndege. Waliomwita Simba wa Kenya hawakukosea.

Tofauti ya Joginder na Tuthill ni kwamba Joginder alikuwa mwenye chombo, fundi na nahodha kwa wakati mmoja, na ushindi ukabaki kwa jina lake. Tuthill walijifunza kuuza ule ujuzi kwa watu wengine, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto akairithi kazi.

Kwa hivyo kama wewe ni fundi na hii dunia inakuita, usianze kwa kuota usukani. Usukani ni wa mwenye pesa. Rali za nyumbani husimamiwa na Kenya Motor Sports Federation, na kila gari linaloshiriki linahitaji watu wa kulihudumia: wa matairi, wa kuchomelea, wa umeme, wa kuendesha gari la spea, wa kuandika nini kimevunjika saa ngapi. Madereva wengi wa hapa hawana uwezo wa kuleta kikosi kutoka Ulaya. Wanatafuta mtu anayeweza kutoa gia boksi gizani na kuirudisha bila kubakisha nati mkononi.

Na kama tayari umewahi kuifanya hiyo kazi, uko hapa kisiwani, na una picha za zamani za kambi ya Whitesands na mikono imejaa grisi, tutafute. Stori inayofuata ni yako.